Fila ya midomo na upasuaji wa taya: kipi kitangulie?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 27, naishi Kisauni, Mombasa. Tangu utotoni taya langu la chini limetangulia mbele, na mdomo wa juu ni mwembamba, kama umemezwa. Nimevaa waya za meno mwaka mmoja na nusu, na mwezi wa sita nakwenda Chennai, India, kupasuliwa mataya yote mawili. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana nilimtembelea dada yangu Dubai, nikadungwa fila, ile sindano ya kunenepesha midomo, mililita moja. Picha na skani nilizipiga mwezi uliopita na nimeshazituma Chennai. Sasa nataka kuongeza fila kidogo wiki mbili kabla ya safari, maana uso utavimba vyovyote vile, basi vipone pamoja. Kuna ubaya? Na kama haifai, nidungwe lini baada ya upasuaji? Harusi yangu ni mwezi wa kumi na mbili.

Jibu: Marahaba mwanangu, na Mungu aijalie kheri harusi yako.

Umeniuliza mambo mawili, lakini lililonishtua ni la tatu, ambalo umelitaja kwa kupita tu: picha ulizipiga mwezi uliopita. Yaani ulizipiga fila ikiwa ndani ya midomo, na barua yako hainionyeshi kwamba daktari wa Chennai anajua. Nitaanza hapo, kwa sababu hayo mengine yana nafasi ya kungoja na hili halina.

Tunapopanga upasuaji wa taya la juu, kitu cha kwanza tunachokitazama ni mdomo, kabla hata ya mfupa. Tunamwambia mgonjwa akae wima, aseme "mama", kisha aiache midomo ilegee yenyewe, asitabasamu wala asiibane. Hapo tunachukua rula na kupima ni milimita ngapi za meno ya mbele ya juu zinaonekana chini ya mdomo. Kwa msichana wa umri wako huwa ni kama 3 au 4. Kipimo hicho kidogo ndicho kinachotuambia taya la juu lipandishwe, lishushwe au libaki kimo kile kile, na taya la chini nalo hufuata lilipokaa la juu. Kisha tunatazama uso kutoka ubavuni: mdomo wa juu umesimama wapi ukilinganishwa na pua na kidevu? Hapo tunakadiria mfupa usogezwe mbele kiasi gani.

Sasa weka mililita moja ya fila ndani ya midomo hiyo. Mdomo wa juu unanenepa na kuwa mzito, unaweza kushuka ukafunika milimita moja au mbili za meno, au ukabinuka nje. Ukitazamwa ubavuni unaonekana umeshafika mbele, wakati mfupa ulio nyuma yake uko pale pale. Daktari asiyejua anaweza kuamua kwamba taya la juu linahitaji kusogezwa kidogo kuliko inavyostahili. Fundi cherehani hakupimi gauni ukiwa umevaa koti. Na tofauti kati ya hivi viwili ni kubwa: fila huisha polepole, lakini mfupa ukishakatwa na kufungwa kwa vibati na skurubu za titani, hapo ndipo ulipo. Koti likivuliwa, gauni litapwaya, na kulirekebisha ni kurudi tena chumba cha upasuaji.

Simsemi vibaya daktari wako. Bila shaka atakupima mwenyewe ukifika. Lakini wagonjwa wengi wanaotoka kwetu kwenda India hufika siku chache tu kabla ya upasuaji, na mpango mkubwa huwa umeshachorwa kwa picha zilizotumwa. Ndiyo maana nataka ajue sasa, wakati bado kuna miezi mitatu mkononi.

Usije ukasema miezi minne imepita, fila itakuwa imeshaisha. Asidi ya hailuroniki, ambayo ndiyo fila inayotumika zaidi midomoni, ni kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza. Karl Meyer na John Palmer waliitoa mara ya kwanza kwenye jicho la ng'ombe mwaka 1934. Ile ya asili huvunjwa na mwili haraka sana, karibu theluthi moja kila siku. Ile ya kwenye sindano imefungwa kwa kemikali, nyuzi zake zikaunganishwa pamoja ili mwili ushindwe kuimeng'enya upesi. Kwa midomo tunataja miezi 6 hadi 12, lakini huo ni muda ambao jicho linaona tofauti. Picha za MRI zimeonyesha mabaki ya fila usoni mwa watu miaka kadhaa baada ya kudungwa. Kwa hiyo miezi minne ni michache. Sehemu kubwa ya fila yako bado ipo.

Lile neno lako, kwamba mdomo wa juu ni kama umemezwa, naliona ndiyo kiini cha mambo yote haya. Mdomo hausimami peke yake. Umeegemea meno, na meno yamekaa kwenye mfupa, kama turubai linavyoegemea nguzo za hema. Kwa mtu ambaye taya la chini limetangulia, mara nyingi sana taya la juu nalo limebaki nyuma, na mdomo wa juu unakosa kitu cha kuuinua. Unakuwa bapa na unajikunja ndani. Ukiutazama kwenye kioo utasema ni mwembamba, kumbe nyama yake inatosha, ila nguzo zimekaa nyuma. Uliponunua fila ulikuwa unajaribu kutibu kwa sindano tatizo la mfupa, na mwezi wa sita mfupa wenyewe unakwenda kutibiwa. Midomo utakayokuwa nayo baada ya hapo si hii unayoijua leo, wala mimi siwezi kuichora kwa barua. Wapo wagonjwa waliokuja kwangu wakiwa wameshaagiza fila, na baada ya taya kusogezwa hawakuitaka tena. Wapo pia walioitaka bado, na walikuwa na sababu. Lakini wote waliamua wakiwa wanatazama sura yao ya kweli.

Mkato wenyewe wa taya la juu tunauita Le Fort wa kwanza, kwa jina la daktari Mfaransa René Le Fort, ambaye mwaka 1901 alieleza mistari ambayo mifupa ya uso huelekea kuvunjikia inapopigwa. Madaktari waliokuja baadaye wakaufuata mmoja wa mistari hiyo kama njia ya kukata kwa makusudi. Kwa taya la chini tunatumia mkato wa kulipasua kwa urefu pande zote mbili, uliotangazwa na Trauner na Obwegeser mwaka 1957. Ninakueleza haya ili ujue kisu kinapita wapi. Kwa taya la juu hupita ndani ya kinywa, juu ya fizi, pale mdomo unapojikunja kwa ndani. Hakuna kovu usoni, lakini misuli ya mdomo wa juu hufunguliwa na kushonwa upya. Mshono ukifungwa moja kwa moja bila uangalifu, mdomo unaweza kupungua unene na mbawa za pua zikapanuka. Kwa hiyo muulize daktari wako maswali mawili: je, atashona kwa umbo la V na Y ili kulinda unene wa mdomo wa juu, na je, ataweka uzi wa kubana mbawa za pua? Maswali hayo mawili yatakufaa midomo yako kuliko mililita nyingine ya fila.

Basi la kufanya wiki hii. Mwandikie daktari wa Chennai ujumbe mfupi: ulidungwa fila midomoni, tarehe fulani, kiasi fulani, jina la bidhaa. Kila bomba la fila halali huja na stika yenye jina na namba ya toleo, na kliniki makini humpa mgonjwa nakala. Kama huna, mwambie dada yako aifuate Dubai. Mtumie pia picha zako za zamani za kabla ya fila, za ubavuni na za mbele, hata kama ni za simu kwenye sherehe ya mtu. Zinasaidia kuliko unavyodhani.

Inawezekana atakwambia fila iyeyushwe kwanza. Mimi ningesema hivyo. Kuna dawa iitwayo hailuronidezi ambayo huvunja asidi ya hailuroniki. Inadungwa pale pale, inaanza kazi ndani ya saa chache, na kwa kawaida siku moja au mbili fila imeshalainika. Mdomo unaweza kuvimba kidogo. Baada ya hapo ngoja kama wiki mbili, kisha upigwe picha na kupimwa upya. Ukifanya hivyo mwezi huu au ujao, daktari ana muda wa kutosha kurekebisha mpango bila kuigusa tarehe ya upasuaji. Kabla hujadungwa, mwambie anayekudunga kama umewahi kupata mzio mkali wa nyuki au nyigu, maana sumu yao ina kimeng'enya cha jamii hiyo hiyo, na mtu wa namna hiyo anaweza kupata mzio wa dawa hii. Na ujue kuwa dawa hii huyeyusha asidi ya hailuroniki peke yake. Silikoni haiguswi nayo. Stika ikionyesha kitu kingine, au ikigundulika hakukuwa na stika kabisa, hilo nalo daktari alijue kabla hajashika kisu.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza. Hoja yako naielewa: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, basi uvimbe wote uishe mara moja. Lakini kuvimba kwa fila na kuvimba kwa upasuaji havifanani. Fila huvimba zaidi siku moja au mbili za mwanzo na hutulia kama baada ya wiki mbili. Upasuaji wa mataya huvimba hadi siku ya pili au ya tatu, sehemu kubwa hupungua wiki za mwanzo, kisha mabaki hukaa miezi, hata mwaka. Na katikati yake kuna mambo ambayo huyaoni kwa sababu utakuwa umelala kwa nusukaputi. Kwa saa kadhaa midomo yako itavutwa kwa vyuma ili sisi tuone mfupa. Vyuma hivyo hukandamiza na kunyoosha, na fila ambayo haijatulia inaweza kuhama au kukusanyika upande mmoja. Mkato utafunguliwa kwenye kinywa, na kinywa hakisafishiki kabisa hata tukifanyeje. Bakteria wakifika kwenye fila mpya wanaweza kujificha humo na kutokeza uvimbe mgumu au usaha wiki au miezi baadaye. Hata kwa kung'oa jino tu tunapenda pawe na wiki mbili au zaidi kati yake na fila. Sembuse kukata taya.

Na kuna lile la mishipa ya damu. Ndani ya midomo hupita ateri zinazotoka kwenye ateri ya uso. Sindano ikiingia humo, au fila ikiubana mshipa kwa nje, damu haifiki kwenye ngozi na sehemu hiyo inaanza kufa. Ni nadra, lakini sitaki itokee wiki mbili kabla ya upasuaji ambao unategemea tishu za uso ziwe na damu ya kutosha ili zipone. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, wala usikubali akija mtu akakwambia utadungwa ukiwa umelala mezani, kazi mbili kwa nusukaputi moja. Kwa baadhi ya upasuaji wa kuvuta ngozi ya uso wapo wanaofanya hivyo. Kwa mataya, midomo ikiwa imevutwa na kuvimba, hakuna anayeweza kuona umbo lake wala kuona ngozi ikibadilika rangi.

Baada ya upasuaji, subiri angalau miezi 6. Sababu ya uvimbe umeshaiona. Sababu inayonipa wasiwasi zaidi ni ganzi.

Mishipa ya fahamu ya mdomo wa chini hupita ndani kabisa ya mfupa tunaoupasua, na ya mdomo wa juu hutokea chini ya jicho, karibu na tunapofanyia kazi. Karibu kila mgonjwa huamka midomo na kidevu vikiwa na ganzi. Hisia za mdomo wa juu hurudi mapema zaidi. Za mdomo wa chini zinaweza kuchukua miezi 6 hadi 12, na kwa baadhi ya watu hazirudi zote. (Wakati huo kunywa chai yako vuguvugu. Mdomo usiohisi huungua bila habari, na nimeshawaona wengi wakiungua hivyo.) Sasa fikiria sindano. Fila ikiziba mshipa wa damu, mojawapo ya dalili za mwanzo ni maumivu makali yasiyolingana na sindano ndogo. Mgonjwa analalamika, daktari anasimama, anatazama. Nyingine ni ngozi kuwa nyeupe ghafla, au kupata madoa ya zambarau kama wavu, na ukiibonyeza ukaiachia, damu hairudi upesi. Hapo hailuronidezi inatakiwa kwa wingi na upesi, siku ile ile, si kesho asubuhi. Wewe mwenye ganzi utakuwa umepoteza kengele ya kwanza. Kwa hiyo mimi naangalia hisia za midomo kuliko kalenda: ukiguswa kwa pamba ukasikia, ukichomwa kidogo ukaruka, hapo tunaweza kuzungumza.

Halafu kuna waya. Baada ya upasuaji utaendelea kuvaa waya za meno kwa miezi kadhaa, mara nyingi 6 hadi 12. Vile vyuma vilivyobandikwa mbele ya meno huisukuma midomo nje. Vikitolewa, midomo hurudi nyuma kidogo. Ukijaza midomo ukiwa na waya, utakuwa umerudi kwenye kosa la koti. Kwa hiyo mpangilio ninaoupendelea ni taya, kisha waya zitolewe, kisha midomo, kama bado utaitaka.

Najua hapo umeshapiga hesabu: mwezi wa sita hadi wa kumi na mbili ni miezi sita tu, waya zitakuwa bado, na mdomo wa chini pengine una ganzi. Ndiyo. Nakushauri uingie kwenye harusi bila fila. Sikwambii hivi kwa kukunyima furaha yako. Kufikia siku hiyo uvimbe mkubwa utakuwa umeondoka, mdomo wa juu utakuwa umesimama juu ya mfupa wake, na waliokuzoea wataona uso mpya. Mpambaji anayejua kazi anaweza kuchora ukingo wa midomo nje kidogo ya mstari wake na kuweka rangi yenye kung'aa katikati. Kwa picha na kwa ukumbi hiyo inatosha, na usiku unaifuta. Ongea na daktari wa waya mapema pia. Wapo wanaoweza kutoa waya wa mbele kwa siku mbili tatu kwa ajili ya harusi na kuurudisha, ikiwa meno yameshatulia. Nadhani hilo la waya litakuletea furaha zaidi kwenye picha kuliko fila.

Kwa wasomaji wengine wenye swali la jirani, kwa ufupi. Upasuaji wa pua wa wazi hukata ngozi kati ya matundu, na mishipa midogo inayopanda hapo hutoka kwenye ateri ya mdomo wa juu. Mdomo hukakamaa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo ngojeni miezi mitatu hivi kabla ya fila ya midomo. Fila ndani ya pua iliyokwisha kupasuliwa ni jambo jingine kabisa, lenye hatari hadi ya upofu, msilifanye kwa mtu asiye daktari wa eneo hilo. Kupunguza urefu wa mdomo wa juu kwa kisu kunahitaji mdomo usiokuwa na fila tangu siku ya kupimwa, sawa na taya. Kuvuta ngozi ya mashavu kunagusa midomo kidogo tu. Mwezi mmoja kabla, au baada ya kupona, unatosha kwa wengi. Aliyezaliwa na mdomo sungura akashonwa, mishipa yake ya damu haipiti pale vitabu vinaposema, na kovu halitanuki kama nyama nzima. Huyo aanzie kwa daktari wa upasuaji, hata kama alishonwa miaka ishirini iliyopita.

Na yeyote atakayekudunga siku za mbele, mwanangu, muulize kabla hajafungua bomba: hailuronidezi unayo humu chumbani, sasa hivi? Akisema ataiagiza, ondoka. Mwambie pia kama huwa unatokwa na malengelenge ya mdomo, kwa kuwa sindano inaweza kuyaamsha na kuna vidonge vya kuyazuia. Vile vikalamu vya kusukuma fila bila sindano vinavyouzwa mitandaoni, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo dhidi yake mwezi wa kumi mwaka 2021. Usiviguse wala usimruhusu shoga yako akufanyie nyumbani.

Kabla ya Chennai, andika kwenye karatasi kila unachomeza: aspirini, ibuprofeni, vidonge vya kitunguu saumu, mafuta ya samaki, habasoda. Vingine huzidisha kutokwa damu, na daktari atakwambia uache kipi na lini. Lakini ujumbe wa fila usiingoje hiyo karatasi. Utume leo. Na akikujibu kuhusu vipimo vipya, muulize meno yako yataonekana milimita ngapi midomo ikiwa imelegea, kisha uniandikie namba aliyokupa.